Mwanafunzi Mbele ya Bodi ya Shule: Kwa Nini Sauti ya Mtoto Isikilizwe



Waamini wengi wa parokia zetu, kuanzia Kilosa mjini hadi Mikumi na vijiji vilivyo katikati, wana watoto katika shule za sekondari za kata. Wengi wenu mmewahi kuitwa kwenye mkutano wa wazazi, na baadhi yenu mmechaguliwa kuwa wajumbe wa kamati au bodi za shule. Hata hivyo, wazazi wengi hawajui bodi hufanya nini hasa, na wachache zaidi wamewahi kujiuliza kama mtoto mwenyewe, ambaye maamuzi yote yanafanywa kwa ajili yake, ana nafasi ya kusema neno katika kikao hicho. Makala hii inakusudia kueleza mambo matatu: bodi ya shule ni chombo gani, mwanafunzi mmoja aliona na kusema nini alipoalikwa mbele ya bodi, na Mama Kanisa anatufundisha nini kuhusu kumsikiliza kijana.

Bodi ya shule ni chombo gani?

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, yaani Sura ya 353 ya sheria za nchi yetu, inaelekeza kwamba shule ya msingi iwe na kamati na shule ya sekondari iwe na bodi. Bodi ni daraja kati ya shule, jamii na Serikali. Mkuu wa shule ndiye katibu wake. Wajumbe wengine hutoka miongoni mwa wazazi, walimu, na watu wenye kuaminiwa katika jamii, na mara nyingi viongozi wa dini huwa miongoni mwao. Bodi hupokea taarifa ya mapato na matumizi, hujadili mpango wa maendeleo ya shule, huangalia taaluma na nidhamu, na hushughulikia mashauri mazito ya wanafunzi, likiwemo lile la kumfukuza mtoto shule.

Uzito wa kazi hii umeongezeka katika miaka ya karibuni. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulizaa shule nyingi za kata, hivyo watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba sasa wanaendelea hadi kidato cha nne. Kisha, kuanzia Januari 2016, Serikali ilifuta ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka katika sekondari za kutwa na shilingi 70,000 katika zile za bweni, na kuanza kupeleka fedha za uendeshaji shuleni moja kwa moja. Tunamshukuru Mungu kwa hatua hiyo. Lakini kufutwa kwa ada hakukufuta gharama zote. Chakula cha mchana katika shule za kutwa kimebaki kuwa wajibu wa wazazi na jamii, na hapo ndipo vikao vingi vya bodi hukwama.

Siku mwanafunzi alipoalikwa

Nimekuwa mjumbe wa bodi katika mojawapo ya shule za kutwa za wilaya yetu. Sitaitaja shule hiyo, wala jina la mwanafunzi ninayemzungumzia. Yeye na wazazi wake wameridhia nieleze yaliyotokea, kwa sharti hilo. Alikuwa kidato cha tatu, kiongozi katika serikali ya wanafunzi. Mwanafunzi si mjumbe wa bodi yetu. Ila mkuu wa shule alipendekeza kwamba, kwa kuwa dondoo kuu ya kikao ilikuwa chakula cha wanafunzi, kaka mkuu na binti huyu waalikwe kwa dondoo hiyo moja. Kaka mkuu aliugua siku hiyo. Binti akaja peke yake.

Aliingia, akasema "Shikamoni", akaitikiwa, akaonyeshwa kiti karibu na mlango. Baadaye aliniambia kwamba hadi siku hiyo ofisi ile aliijua kwa jambo moja tu: mwanafunzi akiitwa humo, amekosa. Kwa hiyo alipokaa alikuwa akijiuliza amekosa nini. Alishangaa pia kuona watu wazima wanavyofuata utaratibu: akidi ikathibitishwa, muhtasari wa kikao kilichopita ukasomwa, yakafuata yatokanayo, na kila aliyetaka kusema akaomba ruhusa kwa mwenyekiti. Alisema hakuwahi kufikiri kwamba hata wazee hunyoosha mkono.

Dondoo ya chakula ilipofikiwa, taarifa ilikuwa ya masikitiko. Mahindi na maharage yalikuwa yakielekea kwisha. Wazazi waliokwisha kuchangia walikuwa wakilalamika kwamba makande yao yanaliwa na watoto wa wasiochangia. Mjumbe mmoja, mzee mwenye heshima na mwenye nia njema, alipendekeza kwamba mtoto ambaye mzazi wake hajachangia asipewe chakula hadi mzazi atimize wajibu wake. Hoja yake ilikuwa na haki ndani yake: mzigo ni wa wote, iweje wabebe wachache? Vichwa vingi vilitikisika kwa kukubali.

Hapo mwenyekiti akamgeukia mwanafunzi: "Haya, binti, nyinyi wenyewe mnasemaje?"

Alisimama na daftari mkononi. Mzee yule akamwuliza, kwa upole lakini kwa mkazo, "Nani amekutuma, mwanangu?" Akajibu, "Baraza la wanafunzi, babu. Tulikaa Jumatano. Niliyoandika hapa siyo yangu peke yangu." Kisha akasema mambo ambayo hakuna mjumbe aliyekuwa ameyasema.

La kwanza, hakuwatetea wenzake wote. Alikiri kwamba wapo wanafunzi waliopewa fedha ya mchango nyumbani na kuitumia njiani, na wapo wazazi wenye uwezo wasiotaka tu kuchangia. Akaomba hao watafutwe kwa majina.

La pili, alisema wapo watoto ambao nyumbani kwao hakuna kitu kabisa kuanzia Februari hadi mavuno yanapoingia, na wengine mashamba yao yaliingiliwa na tembo, jambo ambalo sisi tunaoishi kandokando ya Hifadhi ya Mikumi tunalijua. Watoto hao huondoka nyumbani kabla ya mapambazuko bila kula, hutembea mwendo mrefu, na hurudi jioni.

La tatu ndilo lililonyamazisha kikao. Alisema, "Mkisema wasipewe chakula, hawatakaa darasani wakiwatazama wenzao wanakula. Wavulana watakwenda kutafuta vibarua. Wasichana watakwenda barabarani. Barabarani chips hazikosekani, na mwenye kununua hakosekani." Hakueleza zaidi, wala hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Kila mkazi wa ukanda huu anaijua barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya, malori yanayopumzika usiku, na vijana wa bodaboda walio tayari kumpa lifti binti anayetembea mwendo mrefu.

Mwisho akatoa pendekezo la wanafunzi: mzazi asiye na fedha aruhusiwe kutoa ahadi ya debe la mahindi baada ya mavuno, au alete kuni, au afanye kazi za mikono shuleni, na wakati huo wote mtoto wake ale pamoja na wenzake.

Yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa

Mjadala ulirefuka, na haukuwa mwepesi. Mweka hazina aliuliza, kwa haki kabisa, debe la ahadi litapikwaje mwezi wa tatu? Ahadi haichemki sufuriani. Ilibidi kutafuta njia ya kukopa mahindi kwa mfanyabiashara wa mazao hadi mavuno, na kupata mdhamini. Hatimaye bodi ilikubaliana kwamba hakuna mtoto atakayeondolewa kwenye foleni ya chakula. Orodha ya wazazi itapitiwa upya kwa kushirikiana na wenyeviti wa vitongoji ili kutenganisha asiyeweza na asiyetaka. Na michango ya mazao na kazi itapokelewa. Mzee aliyetoa hoja ya kwanza ndiye aliyejitolea kuzungumza na wafanyabiashara.

Lakini si kila kitu alichokiomba kilikubaliwa. Wanafunzi walitaka masomo ya ziada ya Jumamosi yafutwe. Bodi ilikataa, na mwalimu wa taaluma akamweleza sababu: mada za kidato cha tatu zilikuwa nyuma, na hakukuwa na siku nyingine. Waliomba pia hosteli ya wasichana ikamilishwe. Hilo lilibaki vilevile, kwani jengo lilikuwa limeishia kwenye linta na fedha hazikuwepo. Alionyeshwa hesabu zenyewe. Aliniambia kwamba kazi ngumu kuliko kusimama mbele ya wazee ilikuwa kurudi kwenye baraza na kuwaeleza wenzake kwa nini Jumamosi imebaki. Baadhi walimwita msaliti. Hata hivyo aliweza kuwaeleza, kwa sababu sababu alikuwa amezisikia kwa masikio yake.

Ndugu wapendwa, tuone hapa faida mbili. Bodi ilipata ukweli ambao haukuwemo katika taarifa yoyote iliyoandikwa. Na binti alijifunza kwamba uongozi ni kubeba maneno ya wengine kwa uaminifu wakati wa kwenda, na kubeba majibu kwa uaminifu wakati wa kurudi.

Sheria za nchi zasemaje?

Huenda mtu akadhani kwamba kumwalika mwanafunzi ni hisani ya mwenyekiti mwema. Sivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Sheria hiyo inafuata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, na ambao katika ibara ya 12 unataka maoni ya mtoto yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Maneno hayo ya mwisho ni ya muhimu. Sheria haisemi mtoto aamue kila kitu; inasema asikilizwe, na maoni yake yapimwe.

Wala wazo hili si geni kwetu. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu katika shule za Kikatoliki za Tabora na Pugu kabla ya kuliongoza Taifa, aliandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kwamba wanafunzi washirikishwe katika kupanga na kuamua shughuli za shule yao, si kuzifanya tu kwa amri. Alijua kwamba raia anayefikiri hatengenezwi siku anapofikisha umri wa kupiga kura.

Kuhusu michango, Serikali imekwisha kusisitiza, na kwa namna ya pekee Januari 2018, kwamba mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachangia. Wajibu wa mzazi unabaki palepale, lakini adhabu ya mzazi isibebwe na mtoto. Na ingawa tangu Novemba 2021 msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni, ni heri mara nyingi zaidi kumkinga asifikwe na hayo, na sahani ya makande ni mojawapo ya kinga hizo.

Kanisa latufundisha nini?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Shule huwasaidia, haichukui nafasi yao. Sheria za Kanisa, katika kanuni ya 796, zinawataka wazazi na walimu washirikiane kwa karibu, walimu wawasikilize wazazi kwa moyo, na vyama au mikutano ya wazazi vianzishwe na kuheshimiwa sana. Kumbe, mzazi Mkatoliki anayekwepa mkutano wa shule kwa kisingizio cha shughuli nyingi anakwepa sehemu ya wito wake wa ndoa.

Lakini vipi kuhusu mtoto mwenyewe? Maandiko Matakatifu yanajibu. Katika Injili ya Luka sura ya 2, Bwana wetu Yesu Kristo, akiwa na umri wa miaka 12, anakutwa hekaluni ameketi katikati ya walimu. Tutazame mambo anayoyafanya kwa mpangilio wake: anasikiliza, anauliza, na pia anajibu. Na walimu wale, wazee wa sheria, hawamfukuzi, wanamstaajabia. Kisha anarudi Nazareti na kuwatii wazazi wake. Kusikilizwa hakukumwondolea utii.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli sura ya 3, Mungu anampita kuhani Eli na kumwita kijana Samweli, tena kwa ujumbe mchungu unaomhusu Eli mwenyewe. Ukuu wa Eli siku ile ni kwamba alimtaka kijana amweleze yote bila kumficha neno, naye akapokea. Na katika Kitabu cha Danieli sura ya 13, wazee wawili wanamshuhudia Susana uongo, mkutano mzima unawaamini kwa sababu ya umri na cheo chao, na ni kijana Danieli anayesimama kuokoa damu isiyo na hatia. Waswahili husema penye wazee haliharibiki neno. Ni kweli, ila Susana angekufa kama wazee wengine wasingempa Danieli nafasi ya kuketi kati yao na kusema.

Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 3 ya Kanuni yake aliyowaandikia wamonaki katika karne ya 6, anaagiza kwamba kukiwa na jambo zito abati awaite ndugu wote katika shauri, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora zaidi. Abati huamua mwenyewe mwishoni. Lakini huamua akiwa amesikia. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, baada ya Sinodi ya Maaskofu kuhusu vijana ya mwaka 2018, alituandikia wosia wa Christus Vivit mwaka 2019, akilialika Kanisa zima kuwasikiliza vijana kabla ya kuwapa majibu yaliyokwisha kuandaliwa.

Je, adabu haitapotea?

Wazazi kadhaa wameniuliza swali hili, nalo ni la haki. Wanahofu kwamba mtoto akizoea kusema mbele ya wazee, kesho atawajibu nyumbani. Hofu hiyo ina msingi pale ambapo mtoto anapewa kipaza sauti bila malezi. Binti tuliyemzungumzia hakuokota maneno njiani. Shule ilikuwa na baraza la wanafunzi linalokutana kweli, na mwalimu wa malezi aliyewafundisha kuandika hoja na kutenganisha wanachokijua na wanachokisikia. Yeye ni mwanachama wa TYCS, ambako vijana wetu Wakatoliki wa sekondari hujifunza njia ya Ona, Amua, Tenda. Kwanza aliona: akahesabu wenzake wasiokula. Kisha akaamua pamoja na wengine kwa mwanga wa imani. Ndipo akatenda, kwa kusimama na daftari. Alisalimia, aliomba ruhusa, alikiri makosa ya wenzake, na alipokataliwa alikubali. Adabu gani tunayoitafuta zaidi ya hiyo? Mtoto anayeleta matatizo ni yule ambaye hakuna aliyemsikiliza, hadi siku anaposikilizwa na mtu wa barabarani.

Tufanye nini?

Kwanza, kila mzazi ajue majina ya wajumbe wa kamati au bodi ya shule ya mtoto wake, na ahudhurie mikutano. Ukipata udhuru, mtume mwingine wa nyumba yako, kisha uulize kilichoamuliwa.

Pili, wajumbe Wakatoliki walioko kwenye bodi wapendekeze viongozi wa wanafunzi waalikwe kwa dondoo zinazowahusu: chakula, usalama wa njiani, vyoo, ratiba. Si kila dondoo inawafaa. Shauri la nidhamu la mwanafunzi mmoja lijadiliwe kwa faragha, lakini mtuhumiwa mwenyewe na mzazi wake wasikilizwe kabla ya hukumu.

Tatu, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zitambue familia zisizoweza kuchangia chakula, na zilibebe jambo hilo kimyakimya bila kumwaibisha mtoto. Jumuiya ya familia 15 ikitoa kilo moja ya mahindi kila moja wakati wa mavuno, tayari kuna mtoto aliyehakikishiwa chakula kwa muda mrefu. WAWATA na UWAKA wanaweza kuratibu.

Nne, walezi wa TYCS na wa Utoto Mtakatifu wawazoeze watoto kuandaa hoja, kusema ukweli na kupokea jibu la hapana.

Tano, tuanze nyumbani. Mezani jioni, mzazi amwulize mtoto si tu "umepata alama ngapi?" bali "leo shuleni umeona nini?" Kisha anyamaze, asikilize.

Ndugu zangu, maamuzi ya bodi huonekana madogo yakiandikwa kwenye muhtasari: foleni ya chakula, debe la mahindi, njia ya kurudi nyumbani. Kwa mtoto mmoja, mstari mmoja wa muhtasari huo unaweza kuwa tofauti kati ya kumaliza kidato cha nne na kutoonekana tena shuleni. Bikira Maria na Mtakatifu Yosefu, waliomtafuta Mtoto Yesu kwa uchungu siku tatu na kumkuta akisikilizwa na wakubwa, watuombee ili nasi tuwe wazazi, walimu na viongozi wenye masikio.